Kutoka Piazza Vittorio hadi Porta Palazzo: siku zangu kwa khalati, Italia

Jumatano, Roma

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino kuna treni mbili. Ya kwanza huenda moja kwa moja hadi stesheni kuu ya Termini kwa dakika 32, nauli euro 14. Ya pili ni ya euro 8. Husimama vituo vingi na haifiki Termini kabisa, lakini ndiyo wanayopanda wafagiaji wa uwanja, wapagazi na wapishi wakitoka zamu. Khalati, mdogo wa mamangu, aliniambia kwa simu nipande hiyo ya pili, nishuke Ostiense, nivuke niingie metro. Nikafanya hivyo, na humo behewani nilisikia Kibangla, Kiromania, Kiarabu cha Misri na Kihispania kabla sijasikia Kitaliano.

Mwaka wa 2025 ulikuwa mwaka wa Jubilei kwa Wakatoliki, kwa hiyo niliikuta Termini imefurika mahujaji. Vikundi vya wazee wenye skafu za rangi moja wanamfuata kiongozi aliyeinua bendera, na katikati yao vijana wanauza miavuli na chaja za simu. Nimefikia mtaa wa Esquilino, nyuma ya stesheni, kwa binti wa jirani yetu anayesomea uuguzi hapa. Jioni tulinunua pitsa ya viazi inayouzwa kwa uzani: muuzaji anakata kwa mkasi, anaweka kwenye mizani, anakunja kwa karatasi. Binti aliuliza kwanza kama unga umetiwa mafuta ya nguruwe. Muuzaji akajibu hapana, ni mafuta ya zeituni tu, bila kushangaa hata kidogo, amezoea kuulizwa.

Niseme kwa nini nimekuja. Mimi ni mpishi, mzaliwa wa Malindi, na kwetu Mtaliano si mgeni. Walifika miaka ya 1960 na majukwaa yao ya chuma wakayasimamisha baharini Ngomeni, na mwaka 1967 setilaiti yao, San Marco 2, ikarushwa kutoka pale. Nyuma ya wahandisi wakaja watalii, nyuma ya watalii mahoteli, na nyuma ya mahoteli sisi wa jikoni. Nimewapikia Wataliano tambi za kamba na kaa miaka mingi. Khalati yangu aliondoka na familia moja iliyokuwa na nyumba Malindi, na mpaka leo yuko Torino, kaskazini, anamtunza bibi mzee. Nilitaka nione kwa macho yangu watu wetu wanaowapikia Wataliano huku huku kwao, na siku ya mapumziko wanajipikia nini wenyewe.

Alhamisi, Roma

Kahawa hapa hunywewa wima. Unalipa kwanza kwa keshia, unapewa risiti, unaipeleka kaunta, unaweka juu yake kidole ili isipeperuke. Kikombe kinakuja kimejaa robo tu, cheusi, na povu la rangi ya hudhurungi. Watu wanakunywa kwa mikupuo miwili mitatu, wanasema siku njema, wanatoka. Euro moja na senti ishirini. Aliye kando yangu alikuwa na ndoo ya rangi, wa upande wa pili ni mwanasheria, nadhani, kwa suti yake na mafaili; wote wawili walihudumiwa kwa mwendo ule ule na kwa bei ile ile. Nilipenda hilo. Kahawa ya maziwa ni ya asubuhi. Baada ya chakula cha mchana hawaiagizi, kwa kuwa wanaamini maziwa yanalemea tumbo lililoshiba.

Maji ya kunywa hayauzwi kwa anayejua. Roma ina mabomba ya chuma barabarani yanayotiririka mchana na usiku, yalianza kuwekwa mwaka 1874, na leo ni kama 2,500. Unaziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia tundu dogo, unakunywa bila kikombe.

Kisha soko. Zamani lilikuwa limezunguka bustani ya Piazza Vittorio yenyewe. Mwaka 2001 likahamishiwa ndani ya majengo yaliyokuwa kambi ya jeshi. Nimeingia masoko mengi ya watalii ambako kila kitu kimepangwa kwa ajili ya kupigwa picha. Hili si hivyo. Sakafu ya upande wa samaki imelowa, wachinjaji wa halali wanaita wateja kwa lugha tatu, na Wabangladeshi wenye meza za mboga wamepanga mabamia, mihogo, ndizi za kupika, viazi vikuu, pilipili mbuzi, majani ya mlonge. Kando yao bibi wa Kiroma anauza artichoke, mboga za vichwa vya maua, zilizokwisha menywa, zikielea kwenye beseni la maji ya ndimu zisije zikageuka nyeusi. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu.

Tulikuwa tunabishana bei ya mihogo kwa Kiswahili, mimi na binti, ndipo mzee mmoja mwenye kofia akatugeukia na kusalimia. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nisiyoizoea, lakini sikupotea. Ni mtu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Chimwini, Kiswahili cha huko, ndiyo lugha ya mama yake. Alikuja Roma baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, na hakuhitaji kujifunza Kitaliano, kwa sababu alisomeshwa kwacho Mogadishu. Tukakaa naye kwenye benchi la bustani, akatueleza kama mtu anayesimulia ya jana: Barawa, Merka na Mogadishu zilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Wataliano wakazikodi mwaka 1892, wakazinunua mwaka 1905. "Sisi tulikula tambi kabla Roma hawajatujua," alisema. Mpaka leo anazila kwa nyama yenye bizari na ndizi mbivu pembeni ya sahani, na wajukuu wake waliozaliwa hapa wanamwambia Mtaliano akiona hivyo atalia. Yeye anajibu kwamba wacha alie, ashibe.

Alituuliza Malindi ikoje, kama mashua za Wabajuni bado zinafika. Nikamwambia zinafika. Jamaa zake wengi walipita Mombasa wakiwa wakimbizi, halafu wakatawanyika Uingereza na Marekani. Amebaki yeye Roma. Alipoinuka alininunulia ndizi za kupika kilo mbili, akakataa katakata nilipe.

Ijumaa, Roma, kisha njiani

Msikiti Mkuu wa Roma uko kaskazini ya mji, chini ya kilima chenye misonobari. Ulifunguliwa mwaka 1995, na msanifu wake mkuu alikuwa Mtaliano, Paolo Portoghesi. Ndani nguzo zinapanda zikiwa pamoja, halafu zinachanuka na kufumana juu kama makuti ya mnazi, na mwanga unaingia kwa pembeni. Wanawake tunasali juu, na kutoka kule unaziona nguzo vizuri kuliko walio chini. Nilikaa muda mrefu baada ya sala nikiangalia tu.

Nje siku ya Ijumaa panakuwa na gulio. Wamorocco wanakaanga mikate ya tabaka, Wamisri wanauza maharage, na kuna tende, miswaki, sambusa, kanzu za watoto. Mama mmoja Msomali alinipa chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikanywa kitu kilichotiwa sukari ipasavyo.

Treni ya mwendo kasi hadi Torino ni zaidi ya saa nne. Giza lilitukuta Bologna.

Jumamosi, Torino

Khalati anaishi kwa mwajiri wake, kwa hiyo usiku hatoki. Nililala katika nyumba anayopanga na wanawake wawili, Mkenya mwenzetu na Mnigeria, mtaa wa Barriera di Milano, kwa ajili ya siku zao za mapumziko. Kila mmoja ana rafu yake kwenye friji, na sufuria zimeandikwa majina kwa wino. Khalati alikwisha andaa karatasi ya kupeleka polisi, maana sheria inamtaka anayempokea mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya atoe taarifa ndani ya saa 48. Mambo ya karatasi hataki mchezo nayo.

Tulikutana asubuhi Porta Palazzo. Nilimwona kwa mbali, amejifunga mtandio chini ya koti zito, anavuta kigari cha magurudumu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mashavu, halafu papo hapo: "Twende, mwanangu, samaki wanaisha."

Porta Palazzo linasifiwa kuwa soko kubwa kuliko yote ya wazi Ulaya, na ukilizunguka unaamini. Limeijaza Piazza della Repubblica yote, tramu namba 4 inapita katikati ikipiga kengele. Siku za kawaida hufungwa mchana. Jumamosi huendelea hadi jioni. Upande mmoja ni nguo na masufuria, upande wa pili mboga na matunda, kuna jumba la samaki, jumba la nyama na jibini, na nyuma kabisa, chini ya paa, wakulima wa vijiji vya jirani na vitu vyao vichache: uyoga, njugu za miti, maboga, mayai kwenye kikapu. Wanawake wa Kimorocco wamesimama na vitoroli vya mikate ya nyumbani iliyofunikwa kwa taulo, ingali ya moto.

Khalati hununua kwa orodha mbili. Orodha ya kwanza ni ya Signora, yaani Bibi kwa Kitaliano, ndivyo anavyomwita yule mzee anayemtunza mpaka leo, ingawa wanaishi nyumba moja miaka mingi: kabichi, maboga, nyama ya ng'ombe ya kuchemsha, pilipili hoho nene za Carmagnola, dagaa wa chumvi. Hao dagaa nilitaka kuwajua. Piemonte, mkoa wenye Torino, haina bahari, lakini mchuzi wake mkubwa wa majira ya vuli ni wa dagaa wa chumvi waliotoka pwani ya Liguria na kwingineko, wakapikwa kwa moto mdogo sana na vitunguu saumu vingi na mafuta ya zeituni mpaka vyote viyeyuke. Unawekwa mezani kwenye chungu kidogo chenye moto chini, watu wanachovya mboga. Khalati aliinua dagaa mmoja kutoka kwenye kopo la muuzaji, akamkung'uta chumvi, akambonyeza tumbo. Wekundu kwenye mfupa ni dalili nzuri. Rangi ya kijivu, unaacha.

Orodha ya pili ni yake. Mabamia, pilipili, dania, tui la kopo la Thailand, nyama ya mbuzi kwa mchinjaji wa halali, mchele mrefu. Mchicha kuna Wabangladeshi wanaouuza wakati wa joto. Sasa baridi imeanza, kwa hiyo hupika majani ya mboga nene yenye mashina meupe ambayo Wataliano huchemsha na siagi. Yeye anatupa mashina kwenye supu ya Signora, majani anayatia nazi.

Unga ndio uliotuchukua muda. Unga wa mahindi uko kila mahali, lakini wa manjano na umeparazwa kwa ukubwa kama chenga. Huo ni wa polenta, sima ya Kitaliano. Khalati alitafuta mweupe, wa mkoa wa Veneto, uliosagwa laini. Aliumwaga kidogo kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, akanusa. "Huu utashika," akasema. Ukikosekana, anaununua duka la Wakongo kwa bei ya juu kidogo.

Jumapili, Torino

Usiku saa zilirudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, kwa hiyo tulipata saa moja zaidi, na khalati akaitumia yote jikoni. Mapumziko yake yameandikwa kwenye mkataba wa taifa wa wafanyakazi wa nyumbani: anayelala kazini hafanyi zaidi ya saa 54 kwa wiki, na hupewa saa 36 za kupumzika, yaani Jumapili nzima na nusu ya siku nyingine. Yake ni Alhamisi mchana, na ndiyo ya wengi. Ukitembea mjini Alhamisi utawaona wanawake wa Peru, Romania, Ufilipino na Afrika wamejaa mabenchini na kwenye maduka ya kutuma pesa. Desemba hupata mshahara wa mwezi wa 13. Likizo ni siku 26. Khalati aliyajua haya baada ya miaka miwili ya kulipwa bila mkataba na nyumba ya kwanza, na tangu hapo kila msichana mgeni anayepita mtaani huyasomewa kabla hajaketi.

Wageni walianza kuingia saa sita. Menyu: wali wa nazi, mbuzi wa mchuzi, samaki wa kupaka aliyechomwa ndani ya oveni kwa sababu jirani wa juu hataki moshi, majani ya nazi, sima, kachumbari. Zile ndizi za mzee wa Barawa tukazipika kwa tui. Alikuja kijana wa Lubumbashi na mkewe na binti wao wa miaka saba, wamebeba sombe, yaani kisamvu, na bakuli la ndakala, dagaa wa kwao. "Mama, habari ya masiku?" akamwambia khalati, na mara nyumba ikawa na Kiswahili cha namna tatu, cha Malindi, cha Nairobi na cha Katanga, na watoto wanakimbizana kwa Kitaliano.

Tulikula kwa mkono, sote, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha plastiki. Yule binti mdogo alikataa kahawa ya maziwa niliyompikia mama yake baada ya chakula. "Si saa yake," alisema. Mamake akaiacha.

Mazungumzo yalielekea kwenye uraia, kama yanavyoelekea kila Jumapili, khalati ananiambia. Sheria ni ya mwaka 1992. Asiyetoka Umoja wa Ulaya anahitaji miaka 10 ya makazi halali yasiyokatika, mapato ya kutosha ya miaka mitatu, na tangu mwaka 2018 cheti cha Kitaliano cha kiwango cha B1. Mtoto aliyezaliwa hapa kwa wazazi wageni hangoji kidogo: ataomba akitimiza miaka 18, na dirisha hilo ni la mwaka mmoja tu. Mwezi wa sita mwaka 2025 walipiga kura ya maoni ya kupunguza hiyo miaka 10 iwe mitano. Ilihitaji nusu ya wapiga kura wajitokeze; walijitokeza kama asilimia 30, ikafa.

Kijana wa Lubumbashi amekaa Torino zaidi ya miaka 10. Lakini kuna makazi na kuna makazi kwenye daftari la manispaa. Mwenye nyumba wake wa zamani alikataa kumwandikisha, akamwambia asipokubali ahame, na kipindi hicho chote hakihesabiwi. Kwa hiyo saa yake ilianza upya. Binti anasoma darasa la pili, anaandika Kitaliano kwa mwandiko wa kuunganisha, anajua mito ya Piemonte kwa majina, na kwenye ziara ya shule ya kwenda Ufaransa atahitaji karatasi ambazo wenzake hawaulizwi. Babake aliyasema haya taratibu, akichambua mifupa ya samaki ampe mtoto. Mimi yalinikaa kooni. Mtu akufulie, akupikie, akubebee mizigo ghalani, mtoto wake aimbe wimbo wenu wa taifa shuleni, halafu daftari moja la manispaa lifute miaka yake: sioni namna ya kulitetea hilo.

Jumatatu, Torino

Signora alitaka kumwona mpishi kutoka Malindi. Ana miaka 92, mzaliwa wa kijiji cha milimani upande wa Cuneo, na anaishi ghorofa ya tatu, vitabu ukutani, radiata za moto. Torino joto la nyumba za ghorofa huwashwa kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Aprili, na yeye huihesabu tarehe hiyo kama sikukuu.

Alikuwa ameagiza polenta. Khalati alichemsha lita moja na nusu ya maji kwenye sufuria ya shaba, akatia chumvi, akaanza kuachia unga wa manjano kama mvua ya rasharasha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unazungusha mti. Kisha alinipa mimi. Dakika 40 bila kuacha, Signora ameketi kitini ananisimamia. Sima yetu ukishaisonga kwa nguvu na kuigeuza mara kadhaa imekwisha. Hii chenga zake ni kubwa, zinataka muda zinywe maji, na mpishi akichoka inashika chini. Mwisho huanza kubanduka yenyewe kwenye kuta za sufuria, harufu inakuwa ya mahindi ya kuchoma. Tuliimimina juu ya ubao. Khalati akaikata kwa uzi, si kisu, akaweka jibini ya milimani na siagi juu, na uyoga kando.

Signora alikula polepole, akaeleza. Utotoni kwao ilikuwa polenta na maziwa jioni, na njugu za miti. Bibi yake alimsimulia ya zamani zaidi, ya wale waliokuwa na polenta bila kitu kingine. Hilo ni jambo kubwa la historia ya kaskazini mwa Italia. Mahindi yalitoka kwa wenyeji wa zamani wa Mexico, yakaenea Veneto na Lombardia kwa kuwa yanazaa sana, na wenye mashamba wakauza ngano na kuwaachia vibarua mahindi. Karne ya 18 na 19 vijiji vizima vikashikwa na pelagra: ngozi inababuka palipopigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika, mtu anakufa. Mexico hawakuugua hivyo, kwani wao huchemsha mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga, na hapo vitamini iitwayo niasini inafunguka mwili ukaipata. Mbegu ilivuka bahari, upishi ukabaki nyuma. Kwetu mahindi yaliletwa na Wareno, nayo tukayasonga bila chokaa pia. Ila sima yetu ikawa na maharage, kunde, dagaa, mboga pembeni, na anayekula hivyo hakosi niasini.

Signora alimwuliza khalati kama ni kweli kwao sima huliwa kila siku. "Kila siku, na samaki," khalati akamjibu. Bibi akatikisa kichwa kwa heshima.

Jumanne na Jumatano

Mvua siku mbili. Torino ina kilomita 18 za baraza zilizoezekwa, unavuka mji bila mwavuli. Nilikwenda Makumbusho ya Misri, yaliyoanzishwa mwaka 1824, nikasimama mbele ya mikate iliyokauka kutoka makaburini, ya pembe tatu, yenye alama za vidole vya aliyeikanda. Jioni nilimpikia Mnigeria wetu viazi karai.

Alhamisi, Torino

Nusu siku ya khalati. Tulikwenda kwenye ofisi ya patronato, mahali ambapo wafanyakazi husaidiwa bure mambo ya pensheni na malipo. Alibeba kopo la biskuti. Ndani mna risiti zote za michango ambayo mwajiri hulipa kila miezi mitatu kwa INPS, shirika la hifadhi ya jamii, tangu ya kwanza mpaka ya Oktoba hii, zimefungwa kwa raba mwaka kwa mwaka. Karani, dada mwenye miwani shingoni, aliisogeza kompyuta pembeni akaanza kulinganisha moja moja. Robo mbili hazikuonekana kwenye mtandao. Kwenye kopo zilikuwepo.

Kisha akamweleza chaguo zake. Pensheni ya uzee ni miaka 67, kwa mwenye michango ya miaka 20. Anayebaki na michango pungufu, ilimradi isiwe chini ya mitano, anaweza kungoja mpaka miaka 71. Lakini mfanyakazi wa nje ya Umoja wa Ulaya aliyeanza kuchangia baada ya mwaka 1995 na anayerudi kwao moja kwa moja, hupewa akifika 67 hata kama hiyo 20 hajaitimiza, na pesa hutumwa huko huko. Khalati hakuwa analijua hili. Wala wenzake wengi hawalijui. Nimeliandika hapa kwa ajili yao, na waende patronato wakiwa na risiti zao mkononi. Yeye ana miaka 61. Alimfanya karani alirudie mara mbili, halafu akamwomba aliandike kwenye karatasi na kupiga mhuri.

Njiani alinyamaza mpaka tramu. Kisha akasema hatamwacha Signora. Siku Signora atakapoaga dunia, hapo atarudi. "Aliye karibu na kaburi lake simharakishi," akasema, na akaanza kunihesabia mabati ya nyumba yake ya Malindi.

Ijumaa

Kesho ni 1 Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote, na vibanda vya maua vimejaa krisanthemu za manjano na nyeupe. Huku ni maua ya makaburini, humpelekei mtu nyumbani. Khalati amenunua mashada mawili: moja la mume wa Signora, na moja, bila kuagizwa na mtu, la dada wa Signora aliyefariki mwaka jana, maana huyo naye alimtunza. Teksi ya kuwapeleka imeshawekwa saa tatu asubuhi, na supu ya kesho iko jikoni tayari.

Mimi naondoka na basi la mchana hadi uwanja wa ndege wa Malpensa. Mzigoni kuna kipande cha jibini ya miezi 24, kilo mbili za unga wa chenga wa manjano, na kopo la dagaa wa chumvi nitakaowajaribu na biringani za Malindi. Kuna pia bahasha ya khalati ya fundi wa paa. Anataka jiko la nje, la kuni, lenye baraza ya kukalia watu sita, na bomba la maji liwe upande wa kisima. Nianze Jumatatu, kabla ya mvua za vuli kuchanganya.